Reli ya SGR na Shamba Lako: Tayarisha Hati Mapema

Serikali ya kitaifa inapanga kurefusha reli ya SGR kutoka Naivasha hadi Kisumu na kisha Malaba. Njia iliyopangwa inapitia Narok, Bomet na Nyamira kabla ya kuteremka ziwani. Reli ya zamani ilifika Kisumu mwaka wa 1901 kupitia Muhoroni, ikaiacha milima ya Gusii kando.

Nani huamua njia na stesheni?

Katiba imeipa serikali ya kitaifa jukumu la reli. Serikali ya kaunti haichori njia wala haichagui mahali pa stesheni. Wahandisi huangalia zaidi mteremko, kwa kuwa garimoshi la mizigo haliwezi kupanda mlima mkali. Ndiyo sababu reli ya Naivasha ilichimbiwa handaki la zaidi ya kilomita 4 huko Ngong. Katika eneo la milima kama letu, njia inaweza kupita katikati ya shamba dogo la chai au ndizi.

Je, serikali inaweza kuchukua ardhi bila kulipa?

Hapana. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia ya haki, ilipwe kikamilifu na bila kuchelewa. Tume ya Kitaifa ya Ardhi huchapisha ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha huandaa kikao cha kusikiliza madai. Kila anayedai fidia huwasilisha dai lake kwa maandishi, kabla ya siku ya kikao au siku hiyo yenyewe. Sheria ya Ardhi inawatambua pia mke au mume wa mwenye ardhi, pamoja na anayeishi kwenye ardhi hiyo.

Tatizo liko wapi?

Familia nyingi hulima mashamba ambayo hati miliki bado ina jina la babu aliyefariki. Ndugu waligawana mipaka kwa mdomo, na kila mmoja anajua upande wake, lakini sajili ya ardhi haijui. Fidia ikifika, mzozo wa nani alipwe unaweza kuifikisha familia mahakamani huku pesa zikisubiri.

Ufanye nini sasa?

• Tafuta rekodi ya shamba lako katika afisi ya usajili wa ardhi, uthibitishe jina na ukubwa.

• Ikiwa mwenye hati amefariki, chukua cheti cha kifo na barua ya chifu, kisha fungua kesi ya urithi mahakamani. Kwa kawaida, uthibitisho wa mgao hutolewa baada ya miezi sita tangu msimamizi wa mali ateuliwe, kwa hivyo usingoje ilani.

• Washirikishe warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa. Sheria inawatambua.

• Usimlipe mtu yeyote anayedai ataliingiza jina lako katika orodha ya fidia.

Hata njia ikipita kwingine, hati iliyo sawa itawaepusha watoto wako na kesi ya shamba.