Ganzi ya Mkono: Sindano ya Damu Yako Mwenyewe Inasaidia?

Saa nane usiku umekurupuka. Vidole vinawaka moto, mkono umekufa ganzi, unaukung'uta hewani kama unakausha rangi ya kucha. Mzee pembeni anauliza kulikoni, unamjibu umeulalia. Wiki ya tatu sasa unamjibu hivyo hivyo! Mchana vikombe vinakuponyoka, na yeye ameshaanza kununa kwamba siku hizi kazi za nyumbani unazikwepa.

Mweleze, dada. Pengine si uvivu wala hujalogwa. Ni neva.

Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: mifupa chini, ukanda mgumu juu. Humo zinapita kano tisa za kukunjia vidole, pamoja na neva inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Njia ikivimba, neva inabanwa. Ndiyo maana kidole kidogo mara nyingi kinasalimika. Angalia hilo, kisha mtajie daktari. Wajawazito, wenye kisukari na wale wanaokunja kifundo kutwa nzima, kama wasusi, wanakamatwa sana.

Hapo ndipo inapoingia sindano ya PRP. Wengi waliisikia mwaka 2013, Kim Kardashian alipojianika uso umetapakaa damu, eti urembo. Kwenye neva ni habari nyingine. Unatolewa damu, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zitue chini. Juu panabaki maji ya manjano yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu ukijikata. Chembe hizo hubeba protini zinazouchochea mwili ujikarabati. Daktari anayachoma kandokando ya neva, si ndani yake, huku akiitazama kwa ultrasaundi.

Inafanya kazi kweli? Huko Taiwan, katika utafiti uliochapishwa 2017, wagonjwa 60 ambao tatizo lao halijawa kubwa waligawanywa. Nusu walichomwa sindano moja ya mililita 3, wengine wakavaa kifaa cha kunyoosha kifundo usiku. Baada ya miezi sita, waliochomwa walikuwa na nafuu zaidi. Si haba, ila mimi bado sijapiga vigelegele. Watu 60 ni wachache, na kila mmoja alijua amepewa nini. Anayejua kachomwa dawa mpya huweza kujisikia nafuu kwa matumaini tu.

Tena usidanganyike: neva iliyokatwa na kisu au kioo haiungwi kwa sindano. Inashonwa na daktari wa upasuaji, mapema, halafu ni subira, maana neva huota kama milimita moja tu kwa siku. Kutoka kifundoni mpaka ncha ya kidole hesabu nusu mwaka hivi. Na ukiona nyama ya chini ya kidole gumba inabonyea, achana na majaribio. Hapo panahitajika operesheni ndogo ya kukata ule ukanda, neva ipumue.

Kinachonitisha mimi ni mahali pa kuchomwa. Spa moja isiyo na leseni huko New Mexico, Marekani, ilikuwa ikiwapaka wateja damu yao kwa ajili ya urembo. Ilifungwa 2018, na ripoti ya serikali ya 2024 ikaeleza kwamba wateja waliambukizwa VVU humo. Damu yako sawa, lakini sindano je? Chupa ina jina lako? Uliza kabla hujakunja mkono wa blauzi, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema.

Kabla ya kufungua pochi, jaribu kile kifaa cha usiku. Ni nafuu, na wengine kinawatosha kabisa. Wewe mwenye tumbo ndiyo usiwe na haraka: kwa wengi ganzi huondoka yenyewe baada ya kujifungua.