Taka za Hospitali: Amana Iliyo Mikononi mwa Wauguzi wa Mbinga na Nyasa

Mgonjwa akishachomwa sindano hushukuru, akaenda zake. Sindano yenyewe hubaki mkononi mwa muuguzi, na hapo huanza kazi ambayo wengi wetu hatujapata kuifikiria. Ijumaa hii tumeona tuizungumzie, huku tukizitazama Mbinga na Nyasa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida, mfano wa zile za majumbani. Asilimia 15 ndizo za hatari. Lakini pamba moja yenye damu ikitupwa katika pipa la karatasi, pipa zima huwa la hatari. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kutenganisha taka pale pale kando ya kitanda, wala si nyuma ya jengo zikiwa zimekwisha kuchanganyika.

Gumu zaidi ni somo la sindano. Zamani manesi walizoea kuirudishia sindano kifuniko chake baada ya kuitumia, na mkono uliozoea hauachi kwa siku moja. Sasa jambo hilo linakatazwa, kwani ndipo vidole vinapodungwa. Sindano pamoja na bomba lake hutiwa moja kwa moja katika boksi la usalama, nalo hufungwa likijaa robo tatu. Asiyechanjwa akidungwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia asilimia 30. Kwa virusi vya UKIMWI ni kama asilimia 0.3. Aliyedungwa huosha jeraha kwa maji na sabuni, hutoa taarifa, na dawa za kujikinga na UKIMWI zinapohitajika huanza kuzinywa kabla ya saa 72 kupita. Kwa bahati mbaya wako wanaoficha kwa kuogopa lawama, na saa hizo zikapita bure.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Huko juu Mbinga, katika nchi ya Wamatengo wanaolima ngoro ili mvua isichukue udongo wa miteremko, shimo la taka lililochimbwa juu ya kijito huteremsha uchafu kwa wanaochota maji chini. Huko Liuli na Mbamba Bay tatizo ni jingine: mchanga hupitisha maji upesi, na karibu na ziwa maji ya ardhini hayako mbali. Shimo linatakiwa liwe mbali na chanzo cha maji kwa mita 50 au zaidi, na kitako chake kisifikie maji hayo. Anayelijua eneo hilo masika na kiangazi ni muuguzi wa zahanati, si mtaalamu apitaye siku moja.

Kuchoma nako kuna elimu yake. Plastiki ikichomwa juani kwa moto hafifu hutoa moshi wenye sumu, na sindano hubaki jivuni zikiwa na ncha zake. Tanuri linalofaa hufikia joto la nyuzi 850 na zaidi.

Liko jambo linalotugusa sisi Waislamu. Kiungo kilichokatwa kwa mtu aliye hai, wanazuoni wengi wanasema, huzikwa kwa heshima bila kuoshwa wala kuswaliwa. Tungependa muuguzi aiulize familia kabla kiungo hakijapelekwa tanurini, nayo familia ikubali kukipokea kikiwa kimefungwa vema.

Mwisho tumtaje mhudumu wa usafi. Yeye ndiye abebaye boksi hadi shimoni, lakini semina huitwa ya wauguzi. Anahitaji glavu nene, mabuti, na chanjo ya homa ya ini dozi tatu, ambazo hukamilika kwa miezi sita.