Watu 1,000 wanaoonja kwa niaba ya wote



Ukipita soko la Walthamstow Jumamosi utaona mihogo, bamia, ndizi za kupika na unga wa mahindi. Serikali itajuaje kwamba vyakula hivi vinaliwa? Haiwezi kuingia kila jiko.

Fikiria mama anavyoonja mchuzi. Hanywi sufuria nzima. Anakoroga vizuri, anachota kijiko kimoja, anajua kama chumvi imekolea. Utafiti wa Kitaifa wa Mlo na Lishe wa Uingereza hufanya hivyo hivyo. Tangu 2008 umekuwa ukiendelea mwaka hadi mwaka, ukilenga watu wapatao 1,000 kila mwaka, karibu nusu yao wakiwa watoto, kuanzia umri wa mwaka mmoja na nusu. Anwani huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Washiriki huulizwa umri, asili yao na hali ya nyumbani. Hueleza walichokula kwa siku nne. Kisha hupimwa kimo na uzito.

Kwa nini waulizwe asili na umri? Kwa sababu namba moja haina maana moja kwa kila mtu. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa kimo mara kimo kwa mita. Mama wa kilo 64 na mita 1.60 anapata 25. Kwa watu wazima wengi, uzito uliozidi huanza hapo. Lakini kwa wenye asili ya Afrika au Asia Kusini, ushauri wa afya hapa Uingereza ni kuanza kujihadhari kwenye 23, kwa kuwa kisukari huweza kuwapata mapema zaidi. Mtoto hapimwi kwa namba hizo. Hulinganishwa na wenzake wa umri na jinsia yake. Kwa hiyo wanafunzi, msijipime kwa kipimo cha mama, wala msimcheke mwenzenu kwa mwili wake.

Sasa tufanye hesabu. Katika sensa ya 2021, Waafrika weusi walikuwa asilimia 2.5 ya watu wa England na Wales. Katika kijiko cha watu 1,000, hao ni kama 25 tu, pamoja na watoto wadogo na wazee. Wakikataa kumi, sauti yetu inafifia. Ndiyo maana watafiti mara nyingi huunganisha miaka kadhaa kabla ya kusema lolote kuhusu kundi dogo.

Kushiriki si lazima. Lakini barua ikija, isomeni pamoja kabla ya kuitupa. Na mkikubali, semeni ukweli. Watu wengi hutaja pungufu ya walichokula. Ile chapati ya tatu husahauliwa! Ugali uitwe ugali, na mafuta ya mchuzi yatajwe.

Taarifa hizi zina kazi. Vipimo vya damu vya utafiti huu huonyesha nani amepungukiwa vitamini D. Wenye ngozi nyeusi hushauriwa hapa wafikirie kutumia mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima, maana jua la London si la Mombasa.

Kazi ya nyumbani: muulize bibi au babu alikula nini jana, tangu asubuhi hadi usiku. Andika kwa Kiswahili, ukitumia maneno haya: mlo, lishe, kimo, uzito, mizani.