Steringi Hafi: Neno na Desturi ya Watazamao Sinema Bariadi

Neno steringi twalisikia kila siku vinywani mwa vijana wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, wala si geni kwingineko Tanzania. Asili yake ni Kiingereza, katika yale maandishi yatanguliayo sinema na kutaja wachezaji wakuu. Kwa Waingereza neno hilo ni tendo. Kwetu limekuwa mtu. Steringi ni shujaa ambaye hadithi humfuata tangu mwanzo hata mwisho, na ashindanaye naye huitwa adui tu, hata kama ana jina lake zuri. Watu wamelitungia na kanuni: steringi hafi.

Mahali pa kutazamia ni kibanda umiza, yaani chumba chenye televisheni moja na mabenchi, ambamo mtu hulipa fedha kidogo mlangoni. Jina lasema kweli, maana joto na msongamano huumiza. Lakini watu hawatoki. Pamba ikiisha kuuzwa, mabenchi hayatoshi.

Sinema nyingi zioneshwazo humo zimetiwa sauti ya mfasiri. Huyu hupunguza maneno ya asili, akasimulia kwa Kiswahili, akatania, akawapa wageni majina ya kwetu. Katika kazi hiyo alisifika sana Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyeitwa Lufufu. Tumeona pia kijana akimnong'onezea babu yake kwa Kisukuma yale aliyoyasema mfasiri, hata hadithi moja ikavuka lugha mbili kabla ya kumfikia mzee.

Wasomaji wetu wasidhani jambo hili ni geni kwa misheni. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Baraza la Kimisioni la Kimataifa lilisimamia jaribio la sinema, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara. Picha za kufundisha kilimo na afya zilizungushwa Afrika ya Mashariki na ya Kati pamoja na maelezo ya lugha za wenyeji. Tofauti ni kwamba wale walitaka kufundisha. Mfasiri wa kibanda hutaka watu warudi kesho.

Jioni moja tuliwakuta vijana nje ya kibanda wakibishana juu ya Sholay, sinema ya Kihindi ya mwaka 1975. Wawili kati yao tulikuwa tumewaadhibu wiki ile kwa kuacha kazi ya shule ili waende huko. Walituamkia, "Shikamoo, mwalimu," wakaendelea. Katika Sholay mna marafiki wawili, Veeru na Jai, na Jai hufa.

Mmoja alisema, "Aliyekufa si steringi. Steringi ni Veeru."

Mwenzake akajibu, "Nani alibaki darajani peke yake ili wengine wapone? Tena walirusha sarafu kuamua nani abaki, na sarafu ya Jai ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Alijichagua mwenyewe."

"Basi kanuni ni mbovu," akasema wa tatu.

Darasani tulikuwa tumeuliza mara nyingi, mhusika mkuu ni nani na kwa nini, tusipate mkono hata mmoja. Jumatatu tuliwaambia waandike ubishi ule. Mmoja alileta kurasa tatu, na neno steringi amelitumia mara kumi na moja. Hatukulisahihisha.