Miji ya Kale Jirani na Juba

Wengi wetu waijuao Juba huijua kwa soko la Konyo Konyo na kwa misururu ya malori yatokayo Uganda kupitia Nimule. Hufika, wakashusha mizigo, wakageuza magari. Ni wachache mno watambuao kwamba, si mbali na hapo, ipo miji midogo iliyokuwa na sifa duniani kabla Juba haijawa mji. Juba ilifanywa makao makuu ya jimbo karibu mwaka 1930 tu, Waingereza walipoyahamisha kutoka Mongalla.

Tuanze na Gondokoro, ng'ambo ya mashariki ya mto Nile. Mapadri wa Austria walifungua misheni hapo katika miaka ya 1850. Homa ikawaua wengi wao, na mwaka 1860 misheni ikafungwa. Hapo ndipo Speke na Grant walipokutana na Samuel Baker mwezi Februari 1863. Vitabu vya shule hukomea kwa Wazungu hao watatu. Lakini Speke hakutembea peke yake kutoka pwani yetu. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, na kundi dogo la wapagazi waliovumilia safari iliyoanzia Unguja mwaka 1860. Basi Kiswahili kilisemwa kando ya mto ule zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla Sudan Kusini haijaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Hilo halina budi kumfurahisha msomaji wa gazeti hili.

Baker alirudi mwaka 1871 na jeshi la Misri, akaupa mji jina la Ismailia kwa heshima ya mtawala wake. Jina halikudumu. Miaka mitatu baadaye Gordon akahamishia makao Lado, na Gondokoro ikaanza kufifia.

Kusini ya Juba, upande wa magharibi wa mto, kiko kilima cha Rejaf. Jina hilo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutetemeka. Februari 1897 majeshi ya Mfalme Leopold, yaliyotoka Kongo, yaliwashinda hapo wafuasi wa Mahdi, na sehemu hiyo ikabaki mikononi mwake hadi alipofariki mwaka 1909. Lakini mimi naona jambo kubwa zaidi la Rejaf si vita. Mwaka 1928 palifanyika mkutano wa kuamua lugha zipi zitumike katika vitabu vya shule za kusini, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande. Mwaka huo huo, mjini Mombasa, mkutano mwingine ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu! Huko ikakuzwa lugha moja ya wote, huku kila kabila likapewa kitabu chake. Matokeo ya njia hizo mbili yanaonekana hata leo.

Apendaye mwendo mrefu ashike barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami zilizokamilishwa mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani. Hapa hatuna budi kusema kweli: barabara hiyo imemwaga damu. Agosti 2021 watawa wawili waliuawa humo, wakirejea Juba kutoka sherehe za miaka mia moja ya parokia ya Loa. Kwa hiyo uliza habari za usalama siku ile ile ya safari, ondoka alfajiri, wala usisafiri usiku. Kamera nayo ikae mkobani mpaka upate kibali.

Mama wa nyumbani afungashe maji ya kutosha na chakula kisichoharibika kwa joto. Watoto wapewe daftari na kalamu, kwa sababu yaliyoandikwa juu ya miji hii ni maneno ya wageni. Ya Wabari wenyewe yamo vinywani mwa wazee, na vita vya mwaka 2016 viliwapeleka wengi katika kambi za wakimbizi Uganda, ambako baadhi wamekwisha kufariki. Ukimkuta mzee Rejaf, mwamkie kwa adabu, kaa chini, kisha muulize kilima kile babu zake walikiitaje.