Kuvuka mpaka na kinga: Mahagi si Schengen

Bandugu, kule Ulaya mtu anatoka Ufaransa na kinga yake, anaingia Ubelgiji bila kusimama. Ni matunda ya mapatano ya Schengen ya mwaka 1985. Siye tukitoka Bunia na RN27 mpaka Mahagi, tuvukie Goli, Uganda, ni kazi ingine.

Kwanza, uliza hali ya usalama wa njia siku ileile ya kutoka. Pili, karatasi: pasipoti na karte ya homa ya manjano. Chanjo inahesabika kisha siku 10, na tangu 2016 inadumu maisha yote. Tatu, saa: Mahagi ikiwa saa tisa, Goli ni saa kumi. Ukichelewa, utakuta ofisi yao inafunga.

Nne, na hii ndiyo inaweza kuua: kwetu tunapita kuume, Uganda wanapita kushoto. Mimi kisha kizuizi nashuka, nasukuma kinga kwanza, mpaka macho yazoee. Hata anayetoka Ufaransa kuingia Uingereza anabadilisha karatasi, saa na upande. Mpaka haukuulizi kama umesoma. Unakuuliza kama umejitayarisha.