Milima ya Kisii Yataka Tairi Lenye Meno

WAHENGA wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Ni maneno ya hekima, na anayeyatumia kumsuta mvivu hakosei. Lakini yeyote aliyepanda baiskeli katika milima ya Kisii na Nyamira, hasa baada ya mvua ya alasiri, atakwambia kuwa methali hii haikutungwa kwa ajili ya tairi. Huko mchagua tairi ndiye mwendeshaji, na asiyechagua huchaguliwa na mtaro.

Sisi watu wa pwani baiskeli tunaijua, lakini tunaijua kwa namna yetu. Ardhi yetu ni tambarare, na adui zetu ni mchanga, miba na jua. Mtu akitaka tairi huenda dukani, akauliza bei, akachukua lile lililotundikwa karibu na mlango, na mambo yakaisha. Akikosea, adhabu yake ni kuisukuma baiskeli mchangani huku watoto wakimcheka. Kisii ukikosea, adhabu yake ni mfupa.

Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na upande wa Nyamira ardhi hupanda mpaka kiasi cha mita 2,100. Mvua haina mapumziko marefu kule. Masika hushika mwezi wa Machi hadi Mei, vuli hufuata tangu Septemba, na hata katikati yake mawingu hayaishi kuja kusalimu. Udongo wenyewe ni mwekundu, mzito, unaofaa sana kwa chai na ndizi, na kwa sababu hiyo hiyo haufai kabisa kwa miguu ya haraka. Ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na juu yake vumbi jembamba na changarawe. Ukilowa huwa sabuni.

Barabara za lami za kwenda Keroka na Nyamira si tatizo kubwa. Tatizo ni zile njia zinazoiacha lami na kuporomoka bondeni, kuelekea mtoni, mashambani na kwenye vituo vya kupimia majani ya chai. Nilisimama siku moja chini ya ukingo wa Manga, nikaitazama njia moja iliyokuwa ikiteremka baina ya migomba. Nikaona alama ya gurudumu iliyokwenda sawa, ikayumba, kisha ikafutika mahali ambapo nyasi zimelala. Sikuhitaji kuhadithiwa lililotokea.

NAMBARI UBAVUNI

Baiskeli nyingi za milimani zinazotumika nchini ni za mtumba, na nyingi zimepita Kilindini, mbele ya pua zetu, zikitoka ng'ambo ndani ya makontena. Huja na matairi yaliyochaguliwa kwa ardhi ya kwao, si ya Wagusii. Mengine ni ya lami tupu, laini kama mkunga. Basi kazi ya kwanza ya mwenye kuinunua ni kuyabadilisha, na hapo ndipo wengi hutapeliwa na macho yao.

Msomaji mpenzi, ubavuni mwa kila tairi pana nambari, nazo si pambo. Tairi la milimani la kawaida huandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.1. Liko jingine huandikwa 26 x 1 3/8. Mtu huona 26 na 26, akadhani ni ndugu. Si ndugu. La kwanza hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559, na la pili hutaka milimita 590. Hata fundi alivute namna gani, halitakubali, au litakubali kwa hila na kuchomoka bondeni. Ndiyo maana nambari ya kuaminiwa ni ile nyingine ndogo, kwa mfano 50-559. Hiyo ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Baiskeli kubwa nyeusi ya wazee wetu, ambayo Wakenya huiita Black Mamba, tairi lake la inchi 28 kwa 1½ huandikwa 40-635. Zile mpya za inchi 29 huandikwa 622. Nambari hizi zikilingana na za rimu, ndipo uulize bei.

Kabla ya kulipa, likunje tairi kwa mikono miwili na utazame ubavu wake. Mpira uliokaa miaka juani au ghalani hupasuka mistari midogo midogo kama tope la ziwa lililokauka. Tairi la namna hiyo laweza kuwa na meno mapya kabisa, nalo limezeeka. Kisha libonyeze jino kwa ukucha. Likiacha alama na kurudi polepole, mpira ni laini na utashika jiwe vyema, ingawa utakwisha upesi. Likiwa gumu kama pembe, litadumu sana, lakini juu ya jiwe lililolowa halitakutii.

MENO YA AINA GANI?

Mafundi wengine huyaita meno ya tairi kashata, nasi watu wa pwani hatuwezi kulisikia jina hilo bila ya kukumbuka nazi na sukari. Lakini si kila kashata hufaa kila mahali. Kwa tope la Nyamira wakati wa mvua, meno yatakiwa yawe marefu na yaachane. Yakisongamana, udongo hukaa katikati yake, ukaganda, na baada ya hatua mia moja huna tena tairi lenye meno, una duara la udongo. Yakiachana, kila gurudumu linapozunguka hujitikisa na kulitupa tope.

Wako wanaofikiri kuwa tairi pana zaidi ndilo bora zaidi. Kwenye mchanga wa kwetu ni kweli, maana upana huzuia kuzama. Lakini katika tope zito lenye ardhi ngumu chini yake, tairi lisilo pana mno hupenya na kuuma chini, ilhali lile pana huelea juu na kuteleza. Tena yafaa kuangalia nafasi baina ya tairi na fremu. Pasipopita kidole kwa urahisi, udongo utajaa hapo na gurudumu litakataa kuzunguka, nawe utaibeba baiskeli iliyopaswa kukubeba.

Kwenye miamba na njia kavu mambo hugeuka. Upande wa Tabaka, kunakochimbwa lile jiwe laini la Kisii linalochongwa vinyago na sahani, meno marefu hupinda yakikanyaga mahali pagumu, na baiskeli ikahisi kama mtu aliyevaa viatu vya visigino. Pale hufaa meno mafupi, yaliyokaribiana, ya mpira laini. Kwa mwenye tairi moja la mwaka mzima, yale ya kati na kati ndiyo yenye salama: katikati meno mafupi yanayokaribiana ili yaviringike, na pembeni meno makubwa yaliyosimama imara ili yakamate ukilala kwenye kona. Na ukiona mshale ubavuni, uufuate. Tairi likifungwa kinyume, meno yaliyokatwa ili yaume yatapapasa.

TAIRI MOJA, MAGURUDUMU MAWILI

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Huko milimani, kama kwetu, wengi hawana pesa za matairi mawili kwa mpigo. Mtu ana pesa za moja. Alifunge wapi?

Nilisimama kwa mafundi kadhaa, nikaona karibu kila mteja analifunga nyuma. Sababu yao inaonekana ya haki: la nyuma ndilo linalobeba mzigo wa ndizi, ndilo linalosukuma, na ndilo linalokwisha kwanza. Basi la mbele huachwa mpaka likawa kipara, kwa kuwa bado linashika upepo.

Nami nasema, kwa heshima, hapo ndipo roho za watu zinapowekwa rehani. Nahodha wetu usukani wake uko tezi, lakini wa baiskeli uko omo. Tairi la nyuma likiteleza, kiti hukwambia. Unayumba, unatia mguu chini, unaendelea. La mbele likiteleza, hakuna anayekwambia. Unajua tu kuwa uko chini. Zaidi ya hayo, unapofunga breki mteremkoni uzito wote huinama mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha. La nyuma wakati huo limekuwa jepesi, linaburuta tu.

Kwa hiyo kanuni ni hii: jipya liende mbele, na lile lililokuwa mbele lihamishiwe nyuma likamalizie umri wake. Pesa ni zile zile, kazi ya fundi yaongezeka kidogo tu. Na mwenye uwezo wa mawili, la mbele liwe na meno makubwa na mpira laini zaidi, la nyuma liwe na meno mafupi kidogo na mpira mgumu ili lidumu.

Hata historia ya baiskeli hizi yatufundisha kwamba tairi ndilo mwanzo. Huko California, katika miaka ya sabini, vijana wa Marin walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene ya inchi 26 kwa 2.125, ya mtindo ulioanza Marekani mwaka 1933, wakashuka nazo milimani. Tangu 1976 walishindana katika mteremko ulioitwa Repack, kwa sababu breki ya nyuma ilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya kila mteremko ilibidi itiwe upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo. Fremu ilijengwa kulifuata tairi nene, wala si tairi kuifuata fremu. Mwaka 1996 mchezo wenyewe ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta.

UPEPO WA KIASI

Limebaki la upepo. Desturi ni kulipiga pampu tairi mpaka liwe kama jiwe, na kulisifu kwa kulipiga kofi. Kwenye lami ni sawa. Katika njia ya mawe tairi gumu hurukaruka, na tairi linaloruka haligusi ardhi, wala lisiloigusa ardhi haliwezi kushika. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimani na tyubu ndani, ratili 30 hadi 40 kwa inchi ya mraba zatosha, na la mbele lipungue kidogo kuliko la nyuma. Mwenye mzigo aongeze. Ukipunguza kupita kiasi, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo, usimlaumu mwiba, ulaumu upepo mchache.

Siku hizi wako wanaoondoa tyubu kabisa na kutia maji mazito yanayoziba tundu lenyewe. Ni jambo zuri, lakini lataka rimu na tairi vilivyoundwa hivyo, na maji yenyewe hukauka baada ya miezi. Kwa mtu wa kijijini, tyubu, viraka na pampu bado ndio wenzi wa kweli.

Naam, mtu aweza kusema kuwa zama za baiskeli zimepita, na kwamba milima ile sasa ni ya pikipiki za bodaboda. Ni kweli zimejaa, lakini udongo haukubadilika. Tairi kipara la pikipiki huteleza pale pale linapoteleza la baiskeli, na tena likiwa na abiria wawili na gunia. Abiria mwenye akili, kabla ya kuuliza nauli, atupe jicho kwenye gurudumu la mbele.

Tairi la gari likiisha, mafundi wetu hulikata likawa akala, na huo ni mwisho wa heshima. La baiskeli likiwa kipara, lipewe watoto waliviringishe uwanjani kwa kijiti. Watalifurahia mno, na likianguka, litaanguka peke yake.